Koo Langu na Kijaluba cha Mwanamisi

Ikiwa haya unayasoma ukiwa kwenye benchi la hospitali, umeshika kile kikaratasi cha namba, sogea kidogo nami nikae. Benchi lile nalijua. Lina ubao mmoja umelegea, ukikaa vibaya linakufinya paja. Mambo ya dawa sitakueleza, maana sikusoma. Niliishia darasa la pili na juzuu chache za chuoni, chuo cha Kurani, kisha baba akanitoa akanipeleka kujifunza kuezeka. Nitakueleza yaliyonipata tu. Na humo katikati kuna jambo baya nililolifanya mimi mwenyewe, si ugonjwa, nalo nitalisema kwa sababu naona na mwingine anaweza kulifanya bila kujijua.

Mimi ni Hamadi, fundi wa makuti. Ukipita Diani ukaona hoteli ina paa zuri la makuti, limelala kama nywele zilizochanwa, huenda ni mkono wangu, au ni mkono wa mtu niliyemfundisha. Kwetu ni Msambweni. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Bakari, Mungu amrehemu, na alipoona mafundo yangu hayalegei akaniozesha bintiye, Mwanamisi. Mwanamisi alikuwa ameachika kwa mume wa Vanga, kakaa mwaka mmoja tu huko. Mimi sikujali. Tuna watoto watano, mkubwa ni Rehema, kaolewa Ukunda.

Siku alipoingia kwangu Mwanamisi alikuja na kijaluba cha shaba alichopewa na mamaye. Kijaluba, kama hukijui, ni kijisanduku cha kuwekea vitu vya tambuu. Tangu siku hiyo, kila siku baada ya sala ya alasiri, alikuwa akikaa barazani, anafuta jani la tambuu kwa ncha ya leso, anapaka chokaa kwa kidole kidogo, anakata kokwa ya popoo nyembamba, anatia katu na tumbaku chembe mbili tatu, anakunja, ananitia mkononi. Miaka arobaini na kitu. Mke kukukunjia tambuu si kazi kama kufua. Ni maneno yale. Kuna siku tulikuwa tumegombana hatusemeshani, na tambuu inakuja, imekunjwa kwa hasira lakini imekuja. Nikijua basi bado nina mke.

Sasa habari ya uvimbe ulionipeleka hospitali. Ilikuwa kaskazi, joto lile la kumfanya kuku atembee mdomo wazi. Kinyozi alikuwa akininyoa ndevu, akasimamisha wembe. Akasema, "Mzee, una kitu hapa."

Nikagusa. Chini ya taya, upande wa kulia, kigumu, ukubwa wa popoo. Hakiumi. Nikamwambia ni makuti, maana miaka yote nabeba matita kwenye bega lile. Mtu ukishakuwa mzee kila kitu unakisingizia kazi. Ukisikia kisunzi ni jua, ukisikia mguu ni ngazi.

Kisha nikaenda Kikoneni kwa bibi mmoja anayeminya mafindofindo. Anatia kidole kwenye chumvi, anakutia mpaka kooni, anaminya, nawe unamwaga machozi na watoto wake wanacheka. Nilikwenda mara tatu. Simlaumu, alifanya alichokijua, na chai yake ilikuwa nzuri. Lakini miezi miwili ilipita hivyo, na wewe usinifuate. Kitu shingoni kisichouma kikikaa wiki tatu, nenda hospitali. Kile kisichouma ndicho kilichonidanganya.

Rehema ndiye aliyekuja akaniona, hata shikamoo hakuimaliza. "Baba, hicho kimekua. Kesho asubuhi tunakwenda hospitali ya hapa Msambweni, na usiniambie habari za makuti."

Daktari wa pale alikuwa kijana mpole. Akanimulika kwa tochi mdomoni. Meno yangu wakati ule yalikuwa mekundu kama tofali, ya tambuu. Akauliza, "Mzee, unatafuna?"

"Natafuna."

"Na tumbaku?"

"Chembe mbili tatu."

Mwanamisi alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamsikia akiuliza kwa sauti ndogo, "Daktari, ni hiyo tambuu?"

"Mama, mara nyingi tumbaku ndiyo inayoanzisha mambo haya ya koo," akasema. "Lakini tusubiri kipimo, huwezi kujua kwa macho."

Mke wangu alisikia nusu ya kwanza. Ile ya pili haikumfikia, hata leo ukimuuliza atakwambia hakuisikia.

Siku ile baada ya alasiri nilikaa barazani, tambuu haikuja. Nikamuuliza kijaluba kiko wapi. Akasema, "Kimekwenda." Kimekwenda wapi, hataki kusema. Mimi nilidhani kakitupa.

Kesho yake akaja dada yangu, Mwanasha. Dada yangu nampenda, lakini ulimi wake, Mungu anisamehe, ungeweza kukatia fito. Hata hakukaa. Akamsimamia wifi yake pale jikoni, akamwambia, "Miaka yote unajisifu unamkunjia mume. Kumbe unamlisha sumu kaka yangu kwa mkono wako. Haya, umefurahi?"

Sasa Mwanamisi ninayemjua mimi angemjibu mpaka Mwanasha akasahau njia ya kwao. Mwanamisi huyo aliinama akaendelea kukuna nazi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kuliko nilivyoogopa kwa daktari.

Tukapelekwa Mombasa, hospitali kubwa. Wakanitia mrija wenye taa puani, wakaona pale penye findo la kulia pana kidonda kimejificha, wakakata kinyama kidogo wakakipeleka kupimwa. Masika ilikuwa imeanza. Tulingoja majibu, mvua inanyesha, na mimi kila nikisikia tone linavuja kwenye jengo lolote najiuliza ni nani aliyeezeka pale. Wazee wenzangu, kungoja majibu ni ugonjwa mwingine. Unakula husikii ladha na mate bado unayo. Ningejua ningeyafurahia yale mate.

Siku ya majibu Mwanamisi alikuwa uani mwa hospitali anasali, nikaingia peke yangu. Daktari alikuwa binti, umri wa mwanangu wa mwisho. Akanipa shikamoo kwanza, nikajua ni mtoto wa watu. Akasema ni kansa. Neno lenyewe nilikuwa nimekwisha kulizoea kulisikia moyoni, halikuniangusha. Ila akaongeza jambo.

"Mzee, ndani ya mwili kuna maelekezo yameandikwa, tunayaita jeni. Ndiyo yanayouambia mwili ukue hapa, uache pale. Kuna kansa za koo ambazo moshi na tumbaku vimeyaharibu maelekezo yenyewe, yamekatikakatika. Na kuna nyingine, hayo yanayosema acha bado ni mazima, ila kirusi kimeingia kikayakalia yasisikike. Tumepima. Yako ni hii ya pili."

Nikamwambia, "Binti yangu, niseme kikwetu uone kama nimeelewa. Paa likivuja, fundi anapanda kutazama. Wakati mwingine anakuta mchwa wamekula fito, ukikanyaga linatitia, mti wenyewe umeoza. Wakati mwingine anakuta fito nzima kabisa, boriti nzima, ila tumbili kaingia kafumua makuti na kukaa mle. Maji yanaingia sawasawa, na aliye chini analowa sawasawa. Lakini si ugonjwa mmoja."

Akacheka, akaacha kalamu. "Mzee, ungekuja kunisaidia kuwaeleza wengine. Wewe una tumbili."

"Na tambuu?"

"Tambuu uiache moja kwa moja, haikupendi. Inaleta kansa ya kwake. Lakini hii yako, kwa tulivyoona kwenye kipimo, sio iliyoianzisha. Sikuapii kupona, ila paa la namna hii mara nyingi husikia matengenezo kuliko lile la mchwa."

Nilitaka nitoke nikimbie nimwambie Mwanamisi. Nilikuwa nimekwisha kuinuka. Kisha nikauliza, kwa sababu mimi huwa siwezi kuondoka bila kuuliza, "Na huyu tumbili kaingia kwa wapi?"

Binti akatazama karatasi zake. "Kwa mke na mume, Mzee. Kwa kulala pamoja, na kwa mdomo pia. Ni kirusi cha kawaida sana, wengi hukipata ujanani na mwili hukifukuza wenyewe. Kwa wachache kinabaki, kinakaa kimya hata miaka mingi. Hakuna anayeweza kukwambia ni lini wala ni kwa nani. Wala sio kile kirusi unachokifikiria, hicho tumekipima na huna."

Mimi nilitazama dari. Lilikuwa na doa la maji kwenye kona. Nikalitazama lile doa kama sijapata kuona doa.

Maana nilikuwa na jambo langu. Rehema akiwa bado ananyonya, nilikwenda Diani kuezeka hoteli moja mpya, nikakaa miezi minane. Palikuwa na mama mmoja wa bara, mjane, akitupikia mafundi. Sitasema mengi, naye hakuwa mtu mbaya. Nilikaa naye kama mke. Nyumbani nilituma salamu kwamba paa ni kubwa. Kazi ilipokwisha nikarudi, na sikumwambia mtu, wala Mzee Bakari, wala bintiye. Nilitubu kwa Mola wangu, nikaona yamekwisha.

Nikatoka nje. Mwanamisi alikuwa ameshikilia mkeka wake wa kusalia, ananingoja.

"Kasema nini?"

"Kasema nitapigwa miale siku thelathini na tano."

"Na chanzo? Kasema chanzo ni nini?"

Hapa ndipo. Kama kuna mahali pa kunipiga mawe ni hapa. Nilikuwa na maneno mdomoni ya kumfungua mke wangu, na nikaona nikimwambia si tambuu, atauliza basi ni nini. Nikamwambia, "Ndiyo hayo hayo."

Akakunja mkeka.

Miale ilianza na kusi, ile baridi yetu ya pwani ambayo watu wa bara wanaicheka. Kwanza waling'oa meno matatu mabovu. Kisha wakanitengenezea kinyago cha plastiki yenye matundu, wanakiweka moto moto usoni mpaka kinachukua sura yako. Kila siku wanakufunika nacho wanakibana kwenye meza, usitikisike. Mimi nilijiona kama samaki ndani ya dema, ule mtego wa wavuvi. Chumba kina baridi, wanatoka wote, mlango unafungwa, mashine inaguruma. Hakuna maumivu. Nilikuwa nasoma Yasini kimoyomoyo, na kabla sijaifikisha mwisho wameshanifungua. Nilikaa kwa binamu yangu Likoni siku za kazi, Ijumaa narudi nyumbani.

Wiki mbili za kwanza nilijiona bingwa. Ya tatu ladha ikaondoka. Asali, samaki, pilau, vyote vumbi la makuti. Ya nne mate yakawa mazito kama ute wa bamia, kisha yakakauka kabisa. Ngozi ya shingo ikawa nyeusi, ikabambuka. Ndevu za upande wa kulia zikaanguka na mpaka leo hazijarudi, mimi ni nusu shehe. Ya tano wakanitia mpira puani wa kupitishia uji. Ya sita sauti ikakatika. Daktari akasema nisijilazimishe kusema, niandike. Ndiyo Rehema akaniletea daftari na kalamu, na mimi ambaye nilikuwa naandika jina langu kwa shida nikajifunza upya. Haya unayoyasoma yamezaliwa kwenye daftari lile.

Benchini nilipata rafiki. Mutiso, Mkamba, askari wa geti kwenye hoteli ya Diani. Kakonda, mrefu, shati limefungwa mpaka juu. Siku ya kwanza akaniambia, "Mzee, yangu ni ya fegi. Pakiti moja na nusu kila siku tangu nikiwa kijana, sina wa kulaumu. Yako ni ya nini?"

Wakati ule sauti ilikuwa bado ipo. Nikamwambia habari ya tumbili na mchwa. Akacheka mpaka akakohoa. "Basi mimi ndio mchwa. Wewe una bahati, mzee wangu. Tunakaa benchi moja, tunachomwa na mashine moja, lakini hatuna ugonjwa mmoja."

Alilisema bila husuda. Nilishindwa kumtazama. Kisha, kwa kuwa mtu usiyemjua ni rahisi kumwambia, nikamwambia na lile la mke wangu.

Akasema, "Kwa hivyo mama anajua ni yeye?"

"Anadhani."

"Na wewe unamwacha?"

"Nikipona nitamwambia."

"Ukipona," akasema Mutiso. "Mzee, heshima yako, lakini hapo unamchoma mama bure. Wewe unachomwa dakika kumi. Yeye anachomwa saa ngapi?"

Sauti ilipokatika, nitasema kweli, nilishukuru. Nilipata udhuru. Mwanamisi Kiswahili cha herufi za kizungu hasomi, anasoma za Kiarabu. Na mimi za Kiarabu naweza kuandika, chuoni nilifika. Lakini nilijifanya nimesahau.

Na yeye alinitunza. Aliupitisha uji kwenye ule mpira taratibu, akiuchuja mara tatu kwa kitambaa usizibe. Alinipaka mafuta shingoni kwa unyoya wa kuku maana kidole kilikuwa kizito. Alinipepea. Lakini kwenye sinia moja nami hakukaa tena, hata nilipoweza kukaa. Alikuwa akifunga, Jumatatu na Alhamisi, kisha akaongeza siku. Rehema alimuuliza, "Mama, ni swaumu gani hiyo isiyokwisha?" Akajibu, "Ni yangu na Mola wangu." Mimi ndiye niliyekuwa naumwa, yeye ndiye leso inamzunguka mara mbili. Na Mwanasha kila akija anauliza jikoni, "Mgonjwa wetu hajambo?" kwa namna ya kumwambia mgonjwa ni wetu, si wako.

Miale ikaisha. Kile kinyago wakanipa nikakichukua, nikakitundika ukutani jikoni. Kuku mmoja mwekundu akapanda akatagia mle, ndani ya uso wangu mimi. Mwanamisi aliona yai limekaa pale penye pua, akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu kaskazi. Kisha akajikamata, akafunika mdomo kama aliyefanya kosa. Kule kufunika mdomo kuliniuma kuliko mpira wa puani.

Wakati wa vuli nilikwenda kutazamwa. Mashine ikapita, binti daktari akasoma, akasema, "Mzee, tumbili hatumwoni." Mpira walikuwa wameutoa. Sauti ilikuwa imeanza kurudi, mbaya, kama kuti linaloburutwa kwenye changarawe, lakini sauti. Nikarudi nyumbani nimejaa shukrani mpaka nasalimia mbuzi.

Nikamkuta Rehema mlangoni. "Baba, usishtuke. Mama kaanguka pale bombani. Ana swaumu ya siku ya sita mfululizo. Tumemmwagia maji, kaamka, yuko ndani."

Nikaingia. Alikuwa amelala kwenye mkeka, kichwa kwenye mto mdogo, macho wazi.

"Umepona?" akauliza.

"Wanasema ugonjwa hawauoni tena."

"Alhamdulillahi." Akafumba macho. "Basi amenisikia."

Nikaelewa. Alikuwa amemwomba Mungu achukue roho yake badala ya yangu. Nikamwambia Rehema atoke. Nikakaa chini, magoti yakalia kama ngazi ya zamani. Nikasema na ile sauti yangu ya kuti, maneno mengi ya kwanza niliyoyasema kwa miezi mitatu yakawa haya:

"Mama Rehema, si tambuu. Haikuwa tambuu kamwe. Daktari aliniambia tangu masika."

Nikamweleza kirusi. Nikamweleza mchwa na tumbili, na namna yangu ilivyo ile ya fito nzima. Nikamweleza kinaingia kwa wapi. Kisha nikamweleza Diani. Nikasema, "Ile hoteli mpya, Rehema akinyonya. Nilikuwa na mwanamke. Nimekuacha ukonde kwa sababu niliona haya."

Alikaa kitako polepole. Akajifunga leso. Mimi natazama mkeka.

"Paa lile," akasema, "lilikuwa na urefu gani?"

"Nini?"

"Urefu, Baba Rehema. Nakuuliza."

"Hatua sitini. Kwa ishirini."

"Mafundi wangapi?"

"Tisa."

"Mimi ni mtoto wa Bakari," akasema. "Nimeshona makuti tangu sijaota meno ya pili. Hatua sitini kwa ishirini, mafundi tisa, ni miezi mitatu. Mvua ikizidi, mitatu na nusu. Wewe ulikaa minane. Unadhani sikuhesabu? Nilihesabu mwezi wa nne. Baba naye alihesabu. Akaniambia, mwanangu, paa hilo lina chumba chini yake. Akaniuliza nataka kurudi nyumbani au nataka kungoja. Nikamwambia nangoja."

Jamani. Miaka yote ile nilikuwa nimeficha kitu ambacho mkwe wangu alikuwa amekipima kwa hatua.

"Na huyo kirusi wako," akaendelea, "daktari kasema anajulikana katoka kwa nani?"

"Kasema hakuna anayejua."

"Basi na mimi nilikaa Vanga mwaka mmoja kwa mume ambaye hakuwa akilala nyumbani. Huenda ni mimi niliyekuletea kwenye harusi yetu, umekaa naye miaka arobaini. Wewe usijifanye mwenye dhambi peke yako. La Diani nilikwisha kulisamehe zamani, limeota nyasi. La kunificha tangu masika mpaka leo ndilo sijui nitalifanyia nini."

"Nisamehe," nikasema.

Akainuka. Akaniacha pale. Nikamsikia nyuma ya nyumba akivuta jembe kutoka kwenye banda. Nikasema moyoni, haya Hamadi, umepona kansa, sasa unakufa kwa jembe. Rehema alikimbia, "Mama, umetoka kuanguka sasa hivi, unakwenda wapi na jembe?"

Alikuwa chini ya mpera, nyuma ya jiko. Anachimba. Mimi nikajikokota, nikasimama, sithubutu kusogea. Alipiga mara nne, akapiga magoti, akatoa kitu kimefungwa leso iliyooza. Kijaluba cha mamaye. Shaba imekuwa kijani. Hakukitupa, alikuwa amekizika, kwa sababu, hili aliniambia baadaye, alikiona kama kitu kinachoua.

Akakishika kifuani, akalia hapo chini kama mtoto. Rehema akataka kumwinua, nikamzuia.

Kisha akafuta pua, akasema bila kunitazama, "Miezi saba mali ya mama yangu imelala na funza kwa uongo wako. Leta majivu na ndimu."

Nikaleta. Nikasugua mimi. Nilisugua mpaka magharibi, na siku ile Mwanamisi akafuturu, tukala sinia moja, mimi wali wa maji, yeye kila kitu.

Mwanasha alipokuja nilimwita mbele ya watu wa nyumbani. Nikamwambia ugonjwa wangu haukutoka kwenye mkono wa Mwanamisi, na aliyeficha ni mimi. Sikumweleza mengine, si yake. Akatazama chini. Akasema, "Wifi, nilikuwa na uchungu wa ndugu." Mwanamisi akamjibu, "Na mimi nilikuwa na uchungu wa mume. Kaa, chai inapoa." Nami nikajua ulimi wa mke wangu umerudi, maana chai aliyompa haikuwa na sukari.

Umeshapita mwaka na nusu sasa. Naenda kutazamwa kila baada ya miezi kadhaa. Ngazi sipandi, nasimama chini nawaelekeza vijana, na kwa sauti hii wanadhani nimekasirika, wanafanya kazi vizuri zaidi. Mutiso yu hai. Walimkata sanduku la sauti, ana tundu shingoni, anaandika kwenye simu. Juzi kaniandikia, "Mzee mchwa bado anapambana." Yeye mapigano yake ni magumu kuliko yangu, na mimi sina nilichofanya cha kustahili nafuu ya kwangu. Nasali nikimtaja. Na wajukuu wetu wa kike wamedungwa chanjo ya kirusi hicho hicho, Mwanamisi ndiye aliyewapeleka kwa mkono wake, na aliyeleta uvumi kwamba inaua uzazi alikutana na ule ulimi wake niliokwambia umerudi.

Kwako wewe wa benchini, ukiambiwa ni koo, uliza ni la namna gani, ni haki yako. Ukiambiwa ni la kirusi, usimtazame mwenzako kwa jicho baya wala usijifiche. Mwite aingie chumbani asikie na yeye, maneno yote, na nusu ya pili.

Mate yangu hayakurudi sawa. Mdomo unakauka, hasa jioni. Basi baada ya alasiri Mwanamisi anakaa barazani, anachukua tango au dafu changa, anakata vipande vyembamba kama popoo, anavipanga ndani ya kijaluba. Tambuu haikuingia tena nyumbani kwetu. Lakini shaba ina kumbukumbu, hata niisugue vipi, nikifungua kifuniko harufu ile bado ipo kidogo. Ananitia kipande mkononi.

"Tafuna taratibu," ananiambia. "Hicho ukipaliwa huna wa kumsingizia."

Nakiweka shavuni, upande ule ule wa kulia.